Waliochoka Kuchaguliwa Wimbo

Jumapili ya tarehe 20 Desemba 2009, Uingereza ilitangaziwa wimbo ulioongoza kwa mauzo wiki ile ya Krismasi. Wimbo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 17, umejaa matusi, na haukuwa na neno hata moja kuhusu Krismasi. "Killing in the Name" wa bendi ya Kimarekani Rage Against the Machine, uliotoka mwaka 1992 ukiwashambulia polisi na ubaguzi wa rangi, ulikuwa umeuza nakala 502,672 kwa wiki moja, zote za kupakuliwa kwenye intaneti. Nyuma yake, kwa nakala 450,838, alikuwa Joe McElderry, kijana wa miaka 18 kutoka South Shields, aliyetawazwa mshindi wa The X Factor, mashindano ya uimbaji ya televisheni, wiki moja kabla mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 15. Wimbo wake, "The Climb", ulikuwa laini na wa kutia moyo, na kwa mazoea ya miaka ile ulipaswa kushinda bila jasho. Waliouangusha hawakuwa kampuni nyingine ya muziki. Walikuwa mume na mke wa Essex, Jon na Tracy Morter, waliofungua ukurasa wa Facebook na kuwaomba watu wanunue ule wimbo wa zamani kwa wiki moja tu.

Kwa asiyewajua Waingereza, jambo hili laweza kuonekana mzaha wa sikukuu. Lakini kwao mbio za kushika namba moja wakati wa Krismasi ni utamaduni wa miaka mingi. Watu hubashiri, kampuni za kamari hupokea dau, magazeti huandika. Mwaka 1984 nafasi hiyo ilikwenda kwa Band Aid, wimbo wa kuchangia waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Utamu wake ulikuwa katika kutojua: mwaka mmoja ungeshinda wimbo wa huzuni, mwaka mwingine kikaragosi cha watoto. Kisha, kuanzia 2005, utamu ukakatika. Shayne Ward, Leona Lewis, Leon Jackson na Alexandra Burke, washindi wanne wa The X Factor waliofuatana, walichukua Krismasi nne mfululizo. Fainali ya kipindi iliwekwa katikati ya Desemba kwa makusudi. Wimbo wa mshindi ulikuwa umeshachaguliwa na wenye kipindi, na wote waliofika hatua ya mwisho walikuwa wameshaurekodi, kila mmoja kwa sauti yake. Watazamaji walipomaliza kupiga kura, kilichobaki kilikuwa kutoa rekodi moja sokoni na kuzifungia nyingine kabatini.

Tafsiri iliyozoeleka ya kilichotokea 2009 ni kwamba watu walichoka na muziki mbovu wa kiwandani, wakataka muziki wa kweli. Inavutia, na wengi walioshiriki waliiamini, lakini ushahidi haukubaliani nayo. Hoja ya makala haya ni kwamba hasira ya umma dhidi ya nyota wa kutengenezwa na mashindano ya vipaji vya televisheni haitokani na kutengenezwa kwenyewe. Wasikilizaji wamekula muziki wa kiwandani kwa vizazi na wakaupenda. Kinachowaudhi ni kuambiwa kwamba wao ndio waliochagua, ilhali uamuzi ulikwisha kufanyika pengine. Anayeuziwa bidhaa na kuambiwa ni bidhaa hana ugomvi na muuzaji, ila ukimwita mwamuzi kisha ukamfanya mnunuzi, siku akigundua atakutafuta.

Tuanze na hicho kiwanda. Berry Gordy, kabla ya kuanzisha Motown mjini Detroit mwaka 1959, alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, na hakuwahi kuficha kwamba mfumo wa kampuni yake ulitokana na kule. Watunzi walikuwa kwenye chumba kimoja, na wapigaji wa kudumu, wale Funk Brothers, walikaa studio wakisubiri kazi. Mwalimu wa adabu, Maxine Powell, aliwafundisha wasanii namna ya kutembea, kuketi na kujibu maswali ya waandishi. Kila wiki kulikuwa na kikao cha kukagua ubora ambapo nyimbo zilipigiwa kura na wafanyakazi, na nyimbo nyingi zilikufa humo kabla ya kusikika nje. The Supremes na The Temptations walipita kwenye mstari huo kama gari lipitavyo kwa fundi wa injini, fundi wa rangi na fundi wa viti. Leo hakuna anayesema muziki wao ni wa bandia. Tena, tukirudi kwenye Krismasi za Waingereza kabla ya The X Factor kuziteka, mwaka 1993 namba moja ilikwenda kwa Mr Blobby, mdoli mkubwa wa waridi mwenye madoa ya njano, aliyetoka kwenye kipindi cha televisheni na ambaye hakuweza kutamka neno zaidi ya jina lake. Mwaka 2000 ilikwenda kwa Bob the Builder, fundi wa katuni za watoto. Aliyesema The X Factor iliharibu ladha ya Krismasi ya Uingereza alikuwa amesahau Mr Blobby, na sidhani kama alisahau kwa bahati mbaya.

Chukua pia mfano wa prodyuza wa Kijerumani Frank Farian. Yeye ndiye aliyeitengeneza Boney M, kundi ambalo mashabiki wa Afrika Mashariki wa umri fulani hawahitaji kuelezwa. Hata "Malaika" walituimbia. Bobby Farrell, yule mcheza ngoma aliyeruka jukwaani kwa suruali pana, hakuwa na sauti kwenye rekodi zile. Sauti ya kiume ilikuwa ya Farian mwenyewe. Jambo hilo lilijulikana, watu wakaendelea kucheza. Miaka ya mwisho ya 1980 Farian akarudia mbinu ileile kwa vijana wawili, Robert Pilatus na Fabrice Morvan, akawaita Milli Vanilli. Safari hii, Novemba 1990, alipokiri kwamba hawakuimba hata neno moja kwenye albamu, dunia iliwaka. Tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora waliyopewa mwaka uleule ikafutwa, na Marekani wanunuzi wakaenda mahakamani mpaka ikaidhinishwa warudishiwe sehemu ya fedha zao. Prodyuza mmoja, hila moja, mapokeo mawili. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba Milli Vanilli waliingizwa kwenye mizani ya ushindani. Walishindanishwa na waimbaji wengine na kupewa tuzo ya uimbaji. Palipokuwa na burudani tupu watu walisamehe, ila palipotajwa ushindi walidai ukweli.

Ushahidi mzito zaidi uko Korea Kusini, nchi ambayo imeufanya utengenezaji wa nyota kuwa sekta nzima ya uchumi. Huko kijana huingia kampuni akiwa na miaka 12 au 13, akafunzwa kuimba, kucheza, lugha za kigeni na namna ya kutabasamu mbele ya kamera, na anaweza kukaa mafunzoni miaka mingi bila kuonekana na hadhira. Mashabiki wanalijua hilo na hawalalamikii kiwanda. Kwao saa za mazoezi ni sehemu ya sifa ya msanii. Mwaka 2016 kituo cha Mnet kilianzisha Produce 101, mashindano ambayo watazamaji waliitwa watayarishaji wa taifa: kundi jipya litaundwa na wale mtakaowachagua ninyi, kwa kura zenu, na ujumbe mfupi wa kura ulilipiwa. Tarehe 19 Julai 2019, fainali ya msimu wa nne ilitangaza washindi 11 na idadi ya kura za kila mmoja. Usiku uleule mashabiki wakachukua vikokotoo. Wakakuta tofauti ya kura kati ya mshiriki mmoja na anayemfuata ni 29,978. Wakateremka kwenye orodha, wakakuta 29,978 tena. Kisha tena. Mara tano katika orodha ya watu wachache, namba ileile. Wakaenda mbele wakagundua kwamba kura za washiriki wote zilikuwa mafungu kamili ya namba moja ileile, kama vile mtu alikaa na karatasi akagawa asilimia kwanza, halafu akazigeuza kuwa kura.

Walifikisha suala kwenye vyombo vya sheria, na hawakuwa wakiota. Mtayarishaji mkuu, Ahn Joon-young, alikamatwa Novemba mwaka huo, na Mei 2020 mahakama ya Seoul ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Ilibainika kwamba matokeo yalichakachuliwa si msimu mmoja tu, bali misimu yote minne. Kundi lililoundwa, X1, lilivunjika Januari 2020, miezi michache baada ya kuzinduliwa. Tazama walichokidai mashabiki. Hawakudai muziki wa magitaa uliotungwa na mtu mpweke chumbani, wala hawakudai wasanii waache kufunzwa kutabasamu. Walidai hesabu ya kura.

Uingereza nayo ilikuwa na kidonda cha namna hiyo kabla ya ile Krismasi ya 2009. Mei 2008 mamlaka ya utangazaji, Ofcom, ilikipiga kituo cha ITV faini ya pauni 5,675,000, kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa na mamlaka hiyo hadi wakati ule, kwa udanganyifu katika vipindi vilivyowatoza watazamaji kupiga simu. Kimojawapo kilikuwa mashindano ya uimbaji ya waigizaji wa tamthilia, ambamo watayarishaji walipuuza kura za watazamaji kuhusu nyimbo za kuimbwa. The X Factor haikuwamo katika vipindi vilivyoadhibiwa kwa hukumu ile, na ni haki kulisema hilo. Lakini ilikuwa kituo kilekile, Jumamosi jioni zilezile, simu zilezile za kulipia. Mtu aliyesoma habari hiyo hakuhitaji ushawishi mwingi ili ashuku kura yake inakwenda wapi. Mwaka uliofuata ile Krismasi, watazamaji walipogundua kwamba sauti za wasailiwa kwenye The X Factor zilikuwa zimesafishwa kwa mashine ya kunyoosha sauti kabla ya kurushwa hewani, malalamiko yakamiminika. Mashine hiyo hutumika katika nyimbo zisizohesabika redioni na hakuna anayepiga simu kulalamika. Ila usaili ni mahali ambapo mtazamaji ameambiwa: sikiliza, kisha amua.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la fedha. "The Climb" ulitoka chini ya Syco, lebo ya Simon Cowell wa The X Factor, iliyokuwa ndani ya Sony. "Killing in the Name" ulikuwa mali ya Epic, nayo ni Sony. Kwa maneno mengine, waasi nusu milioni walivunja pochi zao, wakapeleka fedha kwenye mfuko uleule waliodhani wanaukimbia, na Krismasi ile ikawa moja ya neema kubwa kwa kampuni hiyo. Wachambuzi walicheka sana, na kwa anayeamini kwamba lengo lilikuwa kuufilisi uchumi wa muziki, kicheko ni halali. Mimi sioni kama kinafika kwenye shabaha. Wanunuzi wengi walijua, maana habari ya Sony ilisambazwa katikati ya kampeni na mauzo hayakupungua. Walichokuwa wakinunua ni matokeo yasiyopangwa, na hicho walikipata kwa bei ya chini kuliko kikombe cha kahawa. Kampeni pia iliwaomba washiriki wachangie Shelter, shirika linalosaidia wasio na makazi, na zaidi ya pauni 70,000 zilipatikana. Tarehe 6 Juni 2010 bendi ikaja Finsbury Park, London, ikapiga bure kwa watu takriban 40,000. Biashara ilibaki biashara, lakini kwa wiki moja haikuwa na uwezo wa kusema mapema nani atashinda.

Pingamizi la pili linauma zaidi, na halijibiki kwa urahisi. Husemwa kwamba hasira hii ni majivuno tu. Wapenzi wa roki, wengi wao wanaume, wanadharau kinachopendwa na wasichana wadogo, akina mama na familia zinazokaa pamoja sebuleni Jumamosi, kisha dharau hiyo wanaivika joho la kutetea sanaa. Historia inawapa nguvu wanaosema hivyo. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyepoteza kazi kituo chake kilipohamia muziki wa disko, aliwaalika watu walete santuri za disko zilipuliwe. Tiketi ilikuwa senti 98 ukija na santuri. Walifurika makumi ya maelfu, sanduku likalipuliwa katikati ya uwanja, watu wakavamia nyasi, na mchezo wa pili wa usiku ule ukashindikana kuchezwa. Waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba katika marundo yale zilikuwamo santuri za soul na funk ambazo si disko kabisa, ilimradi mwimbaji alikuwa mweusi. Disko ilikuwa muziki wa Weusi, wa Walatino na wa mashoga wa mijini, na kelele za kwamba ni muziki wa plastiki zilikuwa pia kelele dhidi ya watu hao.

Kwa hiyo nakubali nusu ya pingamizi hili. Hasira inapogeuka kuwa vita ya ladha, kwamba gitaa ni kweli na kinanda ni uongo, imepotea njia na mara nyingi inaficha kitu kibaya zaidi. Hata mwaka 2009 walikuwapo waliomrushia McElderry maneno ambayo kijana wa miaka 18 hakuyastahili. Yeye hakuuchagua wimbo, hakupanga tarehe ya fainali, wala hakuandika mkataba. Wiki iliyofuata Krismasi "The Climb" ulishika namba moja, na mwaka 2011 Syco ikaachana naye. Steve Brookstein, mshindi wa kwanza kabisa wa The X Factor, hakudumu kwenye lebo hata mwaka. Anayeandika historia ya uasi huu na asiwataje hawa anasimulia nusu. Mwimbaji ndiye aliye karibu na ngumi za umma, na ndiye mwenye madaraka machache kuliko wote jukwaani. Walioshika fedha wamekaa nyuma ya meza ya majaji.

Hata hivyo nusu ya pili siikubali. Watazamaji wa The X Factor wenyewe, hao hao wanaodaiwa kudharauliwa, walikuwa wa kwanza kulalamikia sauti zilizosafishwa na washiriki wanaobebwa. Mashabiki wa Korea waliozipiga hesabu zile namba walikuwa kwa sehemu kubwa wasichana na wanawake vijana, ndio mashabiki wanaoambiwa siku zote kwamba wanapenda chochote wanachopewa. Waliosukuma kesi mpaka mahakamani ni wao.

Pingamizi la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Mashindano haya, husemwa, ni mlango wa mtoto wa maskini. Kijana asiyemjua prodyuza, asiye na nauli ya kuzunguka studio wala fedha ya kulipia wimbo wake upigwe redioni, anasimama mbele ya majaji na taifa linamsikia. Afrika Mashariki ilikuwa na uzoefu huo kupitia Tusker Project Fame, iliyoanza Nairobi mwaka 2006, na Bongo Star Search chini ya Rita Paulsen, Madam Rita wa Watanzania. Tusker Project Fame ilimpa Valerie Kimani wa Kenya ushindi wa kwanza, mwaka 2009 ikamtangaza Alpha Rwirangira wa Rwanda, na 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Kabla ya hapo ni mara ngapi mwimbaji wa Bujumbura alijulikana Mombasa na Kampala kwa wiki kadhaa mfululizo? Faida hiyo ni ya kweli, na anayeibeza hajawahi kutafuta studio akiwa mfukoni mtupu.

Lakini mlango ukifunguliwa, ndani mna nafasi kiasi gani? Kipindi cha televisheni kinaishi kwa msimu, nacho msimu ukiisha kinahitaji uso mpya, kwa hiyo mshindi wa mwaka huu ana mpinzani ambaye hajazaliwa jukwaani bado, yule wa mwakani. Majina makubwa ya Bongo Flava hayakutoka kwenye taji la televisheni: Diamond Platnumz alitokea Tandale kwa kusota studio, Ali Kiba alitoka na "Cinderella" mwaka 2007. Uingereza kundi lililofanikiwa kuliko yote yaliyowahi kupita The X Factor, One Direction, lilishika nafasi ya tatu mwaka 2010. Mshindi wa mwaka ule, Matt Cardle, wengi nje ya Uingereza hawamjui. Kipindi kinaweza kugundua kipaji. Kukikuza ni kazi nyingine, na hiyo haina kura ya ujumbe mfupi.

Wala tatizo si kushindana. Pwani yetu ilishindana kwa ngoma kabla ya televisheni kufikiriwa. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, viligawa miji kwa mavazi, vyeo na matarumbeta baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam ilikuwa na bendi za Sikinde na Msondo, na miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na TOT vilirushiana mipasho mpaka asiyependa taarabu akachagua upande. Katika ukumbi wa taarabu mwamuzi anaonekana kwa macho. Ubeti ukimgusa, mwanamke anainuka taratibu, anacheza mpaka mbele, noti mkononi juu ya kichwa ili shoga yake na hasimu wake wote waione, anamtunza mwimbaji, anarudi kwa madaha yaleyale. Hakuna anayeweza kumwambia kesho kwamba kura yake ilihesabiwa vingine.

Yaliyofuata Uingereza yanaonyesha jambo jingine kuhusu hasira ya aina hii: haidumu kama kejeli. Desemba 2010 kikundi cha wasanii kilitaka kurudia ushindi kwa kurekodi utunzi wa John Cage uitwao 4'33", ambao ni dakika nne na ushee za ukimya. Ulikuwa utani mzuri, lakini uliishia nafasi ya 21 na mshindi wa The X Factor akachukua Krismasi yake kama kawaida. Mwaka 2011 ilikuwa habari nyingine. Kwaya ya wake za wanajeshi, ambao wengi waume zao walitumwa Afghanistan, ikiongozwa na Gareth Malone, iliuza zaidi ya nakala 550,000 kwa wiki moja. Wenye The X Factor walikuwa wameutoa wimbo wa washindi wao, Little Mix, wiki moja kabla. Mwaka 2012 Krismasi ilikwenda kwa wasanii waliojikusanya kudai haki ya mashabiki wa Liverpool waliokufa kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Mwaka 2015 ilikwenda kwa kwaya ya wauguzi na madaktari wa hospitali za serikali za Lewisham na Greenwich, na Justin Bieber, aliyekuwa mshindani wao, aliwaomba mashabiki wake wawanunue wao. Katikati, 2013 na 2014, The X Factor ilirudi kileleni, kwa hiyo haikufa kwa pigo la 2009. Iliisha polepole. Fainali ya 2018 haikufikisha hata nusu ya watazamaji wa 2009, na Julai 2021 ITV ikasema haina mpango wa msimu mwingine.

Siku hizi Krismasi ya Waingereza inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na usikilizaji wa mtandaoni, ambao chati yao ilianza kuuhesabu mwaka 2014. "Last Christmas" wa Wham!, wimbo wa 1984, ulishika namba moja ya Krismasi kwa mara ya kwanza mwaka 2023 na kurudia 2024. Programu za simu zinapanga nyimbo, zinazisukuma, zinarudia zilizokwisha kupendwa, kwa ustadi ambao Cowell hakuwa nao. Mbona hakuna aliyefungua ukurasa wa kuzipinga ukapata watu nusu milioni? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hazikuahidi kura. Zinakupa wimbo, hazikwambii kwamba umeuchagua, nawe huna la kudai. Hilo linanitia wasiwasi kuliko The X Factor, maana kipindi kile angalau kilikuwa na tarehe, kituo na mkurugenzi wa kulaumiwa.

Kwa mashindano yoyote yanayorushwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambamo mtazamaji hukatwa fedha kwa kila ujumbe wa kura, dai moja linatosha kwa sasa, na si geni. The X Factor, pamoja na kasoro zake, ilikuwa ikitoa asilimia za kura za kila wiki baada ya msimu kuisha, na mtu aliweza kuona nani aliongoza lini. Mnet walikamatwa kwa sababu walitangaza namba, na namba zikawasaliti. Vituo vyetu vitangaze kura za kila mshiriki, kila wiki, pamoja na fedha zilizokusanywa na mgawo wa mshindi. Nawe msomaji, ukiombwa kura msimu ujao, uliza kwanza kama hesabu hizo zitatolewa. Usipojibiwa, weka salio lako.